Sumukuvu: inavyoingia kwenye unga wa lishe wa mtoto

Mtoto wa kaka yangu alipokaribia miezi sita, wifi alikuja nyumbani na ndoo ya lita ishirini ya unga wa lishe, imejaa mpaka mfuniko unagoma kufunga. Nikamwomba anitajie kilichomo. Akahesabu kwa vidole: mahindi meupe, mahindi ya njano, mchele, ulezi, uwele, mtama, ngano, soya, karanga, maharage. Vidole kumi vikaisha, na bado hajataja mbegu za maboga na dagaa. Kila mgeni aliyekuja kumpa hongera ya uzazi alimwongezea kitu kimoja, naye hakutaka kumkatalia mtu. Akasagisha vyote kwa mkupuo, hesabu yake ni kwamba miezi mitatu au minne hatarudi mashine.

Nimeanza na ndoo ya wifi kwa sababu ni ndoo ya mama anayejali. Aliyebanwa au asiyejali anampa mtoto uji wa sembe tupu na sukari. Hata hivyo, kwa jambo moja la usalama wa chakula, ndoo ile inaweza kuwa na hatari kuliko sembe tupu, na ili kueleza kwa nini inabidi nianzie mbali kidogo na jiko.

Hatari yenyewe inaitwa sumukuvu, na wataalamu huiita aflatoksini. Hutengenezwa na fangasi wanaoishi kwenye udongo, hasa Aspergillus flavus. Dunia iliijua kwa mkasa wa mwaka 1960, batamzinga zaidi ya laki moja walipokufa mashambani Uingereza katika miezi michache. Wafugaji walidhani ni maradhi ya kuambukiza, yakaitwa ugonjwa X wa batamzinga, mpaka uchunguzi ulipofuata chakula chao na kukuta mashudu ya karanga zilizotoka Brazil. Sumu yenyewe ina aina nne kubwa: B1, B2, G1 na G2. Herufi hizo zimetokana na majina ya Kiingereza ya rangi zinazong'aa chini ya taa maalumu ya maabara, buluu (blue) na kijani (green). B1 ndiyo kali kupita zote. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka sumukuvu kwenye kundi la kwanza, kundi la vitu ambavyo hakuna tena ubishi kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu. Moshi wa sigara nao umo humo.

Taa ile jikoni hatuna. Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya mambo, kwa sababu ukungu tunaouona na sumu tusiyoiona ni vitu viwili. Mahindi yaliyoota ukungu ukiyaanika siku mbili juani, ukungu unakufa, unapukutika, yanarudi kuwa meupe yenye sura ya kuuzika. Sumu iliyokwisha kuachwa ndani ya punje inabaki palepale. Kinyume chake pia hutokea: punje isiyo na ukungu hata chembe, ikaangaliwa, ikanuswa, ikapita, kumbe imebeba sumu tangu ikiwa shambani.

Na moto hausaidii kama tunavyofikiri. Sumukuvu huanza kuvunjika kwenye joto la nyuzi zaidi ya 230. Maji ya uji hayavuki 100. Mafuta ya kukaangia maandazi yanafika kama 180. Kukaanga karanga kunapunguza kiasi fulani, lakini hakumalizi. Tumezoea kwamba kikichemka kimepona, na kwa maji ya kisima ni kweli, maana pale tunaua vijidudu. Sumukuvu haina uhai wa kuuawa.

Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinaruhusu mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo moja ya mahindi, na B1 peke yake isizidi 5. Tuziweke hesabu hizo kwa magunia. Chukua magunia kumi ya kilo mia mia, yaani tani nzima. Kiasi kinachoruhusiwa humo ni miligramu kumi, kama chembe za chumvi zinazonasa kwenye ncha ya kidole ukikigusisha kwenye kibakuli. Mpaka ni mwembamba kiasi hicho. Halafu sumu haitawanyiki sawasawa: maelfu ya punje zinakuwa safi kabisa na chache zinabeba mzigo wote. Kwenye karanga zimewahi kupimwa punje zenye sumu nyingi kiasi kwamba moja tu ingetosha kuufikisha mfuko wa kilo hamsini kwenye ukomo wa kisheria. Ndiyo maana jirani anaweza kula kutoka gunia lilelile asipate kitu. Na ndiyo maana kuchambua kwa mkono, kazi inayoonekana ya kizee, kuna nguvu kuliko vitu vingi tunavyovifanya jikoni. Nitairudia.

Sumu inaingiaje? Huanzia shambani. Mvua ikikatika mahindi yakiwa yanabeba, mmea unadhoofika, wadudu wanatoboa magunzi, na fangasi kutoka kwenye udongo anapata mlango. Kisha huja mavuno. Mwaka 2004 mashariki na katikati mwa Kenya, Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi, mengi yakiwa waliyoyalima wenyewe. Uchunguzi uligundua kwamba kaya zilizohifadhi mahindi ndani ya nyumba ya kulala zilikuwa hatarini zaidi. Mtu hulaza mahindi chumbani kwa sababu anaogopa wezi. Msimu ukiwa mbaya anavuna kabla hayajakauka, anayarundika mabichi kwenye chumba kisicho na hewa, na joto na unyevu vinamaliza kazi. Ukilisoma tukio lile unaona njaa na wasiwasi vikifanya kazi pamoja na fangasi.

Kwetu Tanzania ilikuwa mwaka 2016, Chemba na Kondoa mkoani Dodoma, na Kiteto mkoani Manyara. Wagonjwa walioorodheshwa walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Macho ya manjano, tumbo kuuma na kujaa maji, kutapika. Wengi walikuwa watoto. Tukumbuke pia kwamba ukanda huo wa kati ndio unaotulisha: mahindi ya soko la Kibaigwa, pale Kongwa barabara ya Morogoro–Dodoma, yanafika mpaka Dar na kuvuka mipaka.

Karanga nazo zina njia zao za kuharibika. Kubangua kwa vidole kunachubua, kwa hiyo baadhi ya wabanguaji hurashia maji maganda yalainike. Maji hayo yanapita ganda, yanakaa kwenye punje, na mzani nao unapenda kwa sababu karanga yenye maji ina uzito. Muuzaji anapata gramu zake, fangasi anapata unyevu wake. Karanga salama kwa kuhifadhi haitakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 7 au 8. Mahindi yanavumilia mpaka 13 hivi.

Kipimo cha chumvi ni cha zamani na kinafaa. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi kama theluthi moja, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili tatu, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi hayajakauka; ikirudi chini yote bila kushika, yamekauka vya kutosha kuhifadhiwa. Hakipimi sumu, kinapima unyevu tu. Mahindi yaliyokwisha kuharibika shambani yatafaulu mtihani huo bila shida.

Vifo vya 2004 na 2016 vilitokana na dozi kubwa. Familia nyingi hukutana na dozi ndogo, kila siku, uji wa asubuhi na ugali wa jioni, na kwa mtoto madhara yake ni ya kimyakimya. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Benin na Togo uliopima damu za watoto 480 wenye umri wa kati ya miezi tisa na miaka mitano. Waliodumaa na wenye uzito pungufu walikuwa na alama za sumukuvu nyingi zaidi, na kiwango kilipanda mtoto alipoachishwa ziwa na kuanza chakula cha familia. Je, sumu hii ndiyo inayodumaza? Wanasayansi bado wanavutana, kwa sababu mtoto anayekula mahindi mabovu mara nyingi ndiye huyohuyo asiyepata maziwa, mayai wala maji safi. Mimi nachukulia hivi: udumavu una wazazi wengi, na huyu ni mmoja wao. Takwimu za Tanzania za 2022 zilionyesha watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mkoa ulioongoza ni Iringa, mkoa wenye mahindi tele. Tumbo limejaa kila siku, kimo hakiendi.

Kwa ini hakuna ubishi. Mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina B akila sumukuvu kwa muda mrefu, uwezekano wa saratani ya ini unapanda kupita kiasi ambacho kila kimoja kingeleta peke yake. Chanjo ya homa ya ini B imo kwenye zile za kawaida za kliniki. Mzazi anayemkamilishia mtoto chanjo anapunguza pia makali ya sumu asiyoijua.

Sasa turudi kwenye ndoo ya wifi. Kila kilichoingia humo kilikuwa na safari yake: shamba lake, gunia lake, ghala lake. Mahindi na karanga ndivyo vinavyoshambuliwa zaidi; mchele na ulezi huathirika kidogo kuliko hivyo. Unapochanganya vitu kumi na viwili kutoka kwa wauzaji usiowajua, unampa mtoto tiketi kumi na mbili za bahati nasibu asiyotaka kushinda. Unga nao unaficha. Wote tumewahi kukutana na ile karanga moja chungu unayoitema na kusukutua mdomo. Kwenye unga wa lishe huwezi kuitema, imeshagawanywa kwenye uji wa wiki nzima. Sokoni hali ni mbaya zaidi, maana karanga zilizokunjamana, zilizovunjika na kubadilika rangi hazipati mnunuzi zikiwa nzima. Zikisagwa zinapata.

Kuna sababu nyingine ya kupunguza orodha, isiyohusu sumu. Nafaka ni nafaka: mahindi, mtama, uwele, ulezi na ngano vyote kazi yao kubwa ni kutia nguvu, na kuvirundika pamoja hakumpi mtoto kitu kipya cha maana. Maganda yake yana vitu vinavyozuia madini ya chuma na zinki yasisharabiwe vizuri. Soya mbichi iliyosagwa bila kuchemshwa au kukaangwa ina vizuizi vinavyofanya protini isimeng'enywe. Nimeona watu wakiisaga hivyohivyo. Na tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo, linabeba kama kikombe kidogo cha chai. Ukilijaza uji mwepesi wa nafaka saba, yai halina pa kukaa.

Nilimshauri wifi aanze upya na nafaka moja, mchele au ulezi au mahindi anayoyaamini, mengine yaongezwe sufuriani siku hiyohiyo. Yai likorogwe kwenye uji. Maziwa. Maharage yaliyoiva yakapondwa na kuchujwa. Dagaa walioondolewa vichwa, wakaoshwa mchanga, wakakaangwa wakakauka ndipo wakatwangwa. Parachichi, ndizi mbivu, kijiko cha mafuta, mchicha uliokatwa laini. Kila kimoja unakiona, unakinusa, na kikikukataa unakiacha bila kumwaga ndoo nzima. Karanga sikumkataza. Nilimwambia anunue nzima, ambazo hazijakaangwa, nusu kilo kwa nusu kilo, achambue, akaange, atwange za siku chache.

Swali gumu linakuja kwenye dona na sembe. Miaka yote tumeambiwa dona ndiyo lishe, na ni kweli: kiini na ganda ndivyo vyenye mafuta, vitamini na nyuzinyuzi. Bahati mbaya fangasi naye anapapenda hapohapo. Ukikoboa, sehemu kubwa ya sumu inaondoka na pumba, pamoja na vitamini zako. Mtu akikupa jibu la neno moja hapo, muulize mahindi yametoka wapi. Yangu ni haya: mahindi uliyoyaona yakikauka, ukayachambua mwenyewe, saga dona. Mahindi ya gunia usilojua lilikotoka, na mlaji ni mtoto wa chini ya miaka miwili, koboa, halafu hizo vitamini zifidie kwa mboga na yai. Ukiyaosha kabla ya kukoboa, toa yanayoelea. Punje nyepesi mara nyingi ndizo zilizoliwa au kuoza. Baada ya hapo yakauke siku hiyohiyo, la sivyo umejitengenezea tatizo upya.

Pumba zenyewe zinakwenda kwa ng'ombe. Na ng'ombe akila sumu ya B1, sehemu yake inatoka kwenye maziwa ikiwa imegeuka kuwa aina inayoitwa M1. Ile kauli ya "haya yameharibika, wape mifugo" inamrudishia mtoto alichonusurika nacho, safari hii kwenye kikombe cheupe.

Mengine yako nje ya uwezo wa mama. Kuna Aflasafe, iliyotengenezwa na watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za tropiki, na wenzao wa Marekani: punje za mtama zilizokaangwa na kupakwa fangasi wa jamii ileile ila wasioweza kutengeneza sumu, zinamwagwa shambani kilo nne kwa eka, wiki mbili tatu kabla ya mahindi kutoa mbelewele. Wema wanawahi nafasi, wabaya wanakosa pa kukaa. Fangasi wanaotumika huchukuliwa kwenye udongo wa nchi husika, kwa hiyo Tanzania ina yake na Kenya ina yake. Kuna mifuko ya kinga njaa, yenye tabaka mbili za nailoni ndani, inayokata hewa mpaka wadudu wanakufa bila dawa, hata yule dumuzi ambaye wakulima wa Tabora walimbandika jina la Scania kwa jinsi alivyoingia na kusomba kila kitu. Kuna turubai, ambalo bei yake ni ndogo kuliko vyote na pengine ndilo lingeokoa mahindi mengi kuliko vyote, kwa kuyatenga tu na udongo. Rombo, mkoani Kilimanjaro, watafiti walizifundisha kaya mambo ya kawaida kabisa: kuchambua, kuanika juu ya mkeka au kichanja, kuzuia wadudu ghalani, kukoboa. Sumu iliyowafikia watoto ilipungua, na uzito wao ukawa bora kuliko wa vijiji vya jirani.

Serikali nazo hukumbuka pale biashara inapoguswa. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ikalegeza siku chache baadaye kwa masharti ya cheti. Wafanyabiashara walipiga kelele, mawaziri wakasafiri. Kelele za namna hiyo sijawahi kuzisikia kwa ajili ya ndoo za unga wa lishe zinazouzwa kwa kupimwa kwa kikombe, bila jina, bila tarehe, bila alama ya TBS, shirika la viwango la Tanzania. Alama hiyo itafute, inasaidia, ingawa pakiti nayo si kinga kamili: mwaka 2019 shirika la viwango la Kenya liliondoa sokoni chapa tano za unga wa mahindi kwa kosa hilohilo.

Jumamosi moja tulikaa na wifi barazani, kilo moja ya karanga kwenye ungo, mtoto kakaa mkekani anatafuna kijiko. Tulitoa zilizokunjamana, zilizovunjika, zenye doa jeusi au kijani, zilizoanza kuota, na zile zenye ganda la ndani lililofifia rangi. Tulitumia nusu saa. Makapi yalijaa kikombe cha chai na kuzidi. Wifi akayatazama, akatazama kuku uani, akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa. Tukayafukia kwenye shimo la taka, naye akalalamika njia nzima ya kurudi kwamba ametupa pesa, na kweli alikuwa ametupa pesa.

Wiki iliyofuata akarudi kwa muuzaji wake na kumwomba amchambulie kabisa, ataongeza bei. Muuzaji akakubali vizuri tu, akamwita kijana aanze kutoa mbaya na kuziweka kwenye mfuko wa pembeni. Mfuko ule ulikuwa na karanga nyingi tayari. Wifi akauliza hizo huwa wanazipeleka wapi.

"Hizo? Kuna mama ana wateja wake wa lishe, huwa anapitia kila Ijumaa."